Treni ya utoto iliyolala miaka 40 kwenye kartoni: namna gani inarudishwa kwenye reli

Kule Ujerumani, Uswisi ao Ubelgiji, kuna kartoni ambayo familia nyingi hazitupi. Iko juu ya plafo, imefungwa kamba, vumbi limeikalia. Ndani mna treni ndogo ya umeme ambayo baba alinunua kwa Noeli ya miaka ya 1960 ao 1970, na kila Noeli iliyofuata alikuwa akiongeza wagoni moja ao reli mbili tatu. Mtoto aliicheza mpaka akapata miaka 14, 15. Kisha masomo, kisha kazi, kisha bibi na watoto. Siku wazazi wanapofariki na nyumba inapashwa kuuzwa, ndugu wanakuja kugawana vitu, na ile kartoni inafunguliwa.

Swali ni moja: bado inatembea? Na mkono umekwisha kushika fishi kuipeleka kwenye prizi ya ukuta.

Hapo njo fasi ya kusimama. Treni ya umri ule, mara nyingi, haijakufa. Imelala tu. Makosa mengi ambayo mtu anaweza kufanya wakati wa kuiamsha yanarekebishwa kesho yake. Lakini kuna machache hayarudi nyuma kabisa: kuunguza, kukata na kutupa. Anayeyajua hayo, kazi inayobaki inamuomba uvumilivu, mswaki wa meno na mafuta kidogo.

Dunia iliyogawanywa kwa 87

Kwa mtu ambaye hajawahi kuziona: hizi si zile treni za plastiki za kusukuma kwa mkono. Ni meza nzima ya mbao ao ya tripleksi, wakati mwingine inajaza chumba. Juu yake kuna reli za kweli za chuma, steshoni, daraja, mlima wa plasta, kijiji, na tuwatu tudogo tumesimama kungojea treni. Umeme unapita ndani ya reli, kichwa cha treni kinaupokea kwa magurudumu, kinatembea.

Kipimo kinachotumiwa kuliko vyote kinaitwa H0. Maana yake kila kitu cha kweli kimegawanywa kwa 87. Mtu wa metre 1 na sentimetre 74 anabaki na sentimetre 2. Wagoni ya metre 20 inakuwa na sentimetre 23. Chukudu ya metre 2 ingekuwa na urefu wa sentimetre 2 na kidogo, magurudumu yote ndani. Reli za Ulaya zenye upana wa milimetre 1435 zinakuwa na milimetre 16,5.

Msomaji wa Kalemie, Kabalo ao Kindu anaweza kuuliza: na reli za Congo? Hapo hesabu inageuka. Reli za mashariki zilijengwa kwanza kwa upana wa metre 1: ile ya Kisangani mpaka Ubundu ilifunguliwa mwaka 1906, ile ya Kabalo mpaka Kalemie mwaka 1915. Baadaye, katika miaka ya 1950, njia ya Kalemie ilipanuliwa ikawa milimetre 1067 ili iungane na zile za Katanga, na ile ya Ubundu ikabaki vile ilivyokuwa. Ukigawanya 1067 kwa 87 unapata milimetre 12 na kidogo. Reli ndogo za milimetre 12 ziko kwenye soko la Ulaya, zilitengenezwa juu ya treni za milima ya Uswisi. Wenzetu wa Afrika ya Kusini, ambao reli zao ni 1067 vilevile, wamefanya akili ingine: wanachukua reli za kawaida za milimetre 16,5, halafu wanatengeneza treni yenyewe kwa kipimo cha 64 pahali pa 87. Hesabu inakubali karibu sawasawa.

Jambo ambalo hakuna kipimo kinaweza kuponya ni umbali. Toka Kabalo mpaka Kalemie ni kilometre 273. Hata ukigawanya kwa 87, unabaki na kilometre 3 na zaidi. Hakuna sebule inayoweza kuingiza ile. Kwa hiyo kila meza ya treni inadanganya: steshoni mbili zinakaa fasi moja, mlima unaficha kona, treni inaingia kwenye tunel na kutoka upande mwengine kama vile imefika mji wa mbali. Mtoto anaukubali ule uongo bila shida. Mzee wa miaka 60 vilevile.

Fundi wa mabati wa Göppingen

Treni nyingi za kwenye kartoni hizo zina jina moja: Märklin. Ni kampuni ya Göppingen, kusini mwa Ujerumani. Ilianza mwaka 1859 na fundi wa mabati, Theodor Friedrich Wilhelm Märklin, aliyekuwa anatengeneza majiko na sufuria za bati za kuchezea watoto wa kike. Mwaka 1891, watoto wake walionyesha kwenye soko kubwa la Leipzig treni ya resori, ile ya kuzungusha kwa ufunguo. Treni peke yake haikuwa ajabu. Ajabu ilikuwa reli zake: zilikuwa na vipimo vilivyopangwa, unaweza kununua leo vipande vichache, mwaka kesho ukaongeza vingine na vikaingiana. Mwaka 1935 wakatoa treni ya umeme ndogo ya kukaa juu ya meza, ile ambayo baadaye iliitwa H0.

Jambo hilo la kuingiana njo linasaidia watu mpaka leo. Kwa kawaida, kichwa cha Märklin cha miaka ya 1950 kinaweza kutembea juu ya reli zilizotoka kiwandani mwaka huu. Ni vitu vingapi vya umeme vya nyumbani vinaweza kusema hivyo? Hata simu za zamani, mara nyingi kamba zao za kuchajia haziingii tena kwenye mpya.

Ila kuna kitu cha kujua. Märklin inatumia umeme wa aina ya kubadilika, sawa na ule wa ukutani lakini mdogo, na inaupitisha kwa njia tatu: reli mbili za pembeni zinabeba upande mmoja wa umeme, na katikati, juu ya mbao za reli, kuna misumari midogo inayobeba upande mwengine. Chini ya kichwa cha treni kuna kipande kirefu cha chuma kinachoteleza juu ya ile misumari. Kampuni zingine nyingi, kama Fleischmann ya Ujerumani ao Hornby ya Uingereza kwa treni zake za sasa, zinatumia reli mbili tu na umeme wa kwenda njia moja, sawa ule wa batri. Hizo mbili hazichanganywi. Mtu akipeleka umeme wa Märklin kwenye kichwa cha reli mbili, motere inatetemeka pale pale, inapata moto, inaungua. Hilo ni la kwanza kati ya yale yasiyorudi nyuma, na linatokea kwa watu wanaorithi kartoni mbili za wajomba wawili.

Kasanduku kazito ka ukutani

Kabla ya kugusa treni, mafundi wanaangalia transfo. Ni kale kasanduku kazito kenye kifungo cha kuzungusha, kanakokaa kati ya ukuta na reli. Kanapokea volti 220 na kutoa volti 16 ao chini ya hapo. Ndani yake kuna bobini mbili za fili ya shaba ambazo hazigusani. Kinachozitenganisha ni rangi nyembamba, karatasi, plastiki. Ukuta huo mwembamba njo unafanya mkono wa mtoto uguse reli bila kupata kitu.

Sasa miaka 50 imepita. Plastiki ya kamba imekauka, ukiipinda inavunjika kama ganda la muhogo lililokaa juani. Ndani, fasi ambapo macho hayafiki, inaweza kuwa vilevile. Ule ukuta ukipasuka, volti 220 zinatembea mpaka kwenye reli. Transfo ya namna hiyo haifunguliwi, hairekebishwi kwa skochi. Inawekwa kwenye kabati kama kumbukumbu ya baba, na inanunuliwa ingine. Sheria za Ulaya siku hizi zinakataza kitu cha kuchezea cha umeme kupita volti 24.

Hata transfo ya zamani ambayo bado ni nzima iko na tatizo. Ilitengenezwa wakati umeme wa Ulaya ulikuwa volti 220. Leo ni 230. Inatoa zaidi ya ile iliyoandikwa juu yake. Kwa kichwa cha zamani si kitu kikubwa. Kwa kichwa kipya chenye vitu vya elektroniki ndani, ni hatari, juu ya namna Märklin ya zamani ilivyokuwa inarudi nyuma: ili treni igeuke, ulikuwa unasukuma kifungo na transfo ilikuwa inatuma mshindo mmoja wa volti 24. Ndani ya kichwa, kachuma kadogo kalikuwa kanaruka, treni inageuza mwendo. Waliocheza nayo wanakumbuka kale karuko. Mshindo huo, ukitoka kwenye transfo ya zamani juu ya umeme wa sasa, unapita 24 na unaweza kuua dekoda ya kisasa mara moja.

Kuna hatari ya tatu, na wengi hawaijui. Transfo inafanya kazi pande zote mbili. Mtu mwenye meza kubwa anaunga transfo mbili kwenye reli zile zile. Anachomoa fishi ya moja, anaiacha juu ya meza. Ile ingine bado inatoa volti 16, zinapita kwenye reli, zinaingia katika ile transfo iliyochomolewa kwa mlango wa nyuma, na ndani yake zinapanda tena mpaka 220. Zile vyuma mbili za fishi iliyolala juu ya meza, ambayo kila mtu anaona haina umeme, zinaweza kurusha mtu chini. Kwa hiyo transfo zote za meza moja zinapashwa kuingia kwenye kibao kimoja cha prizi, chenye kifungo kimoja cha kuzima zote pamoja.

Mafuta yaliyogeuka gundi

Kichwa cha treni chenyewe kinafunguliwa kwa turnevisi. Hiyo ni heshima ya watengenezaji wa zamani: visi moja juu ao chini, sanduku la chuma linatoka, motere iko wazi. Fundi wa radio wa Goma ao Uvira angejikuta nyumbani.

Anachokuta ndani, karibu kila mara, ni mafuta yaliyogeuka gundi ya rangi ya kahawia. Magurudumu ya meno hayazunguki. Mtu asiyejua anaongeza umeme ili kulazimisha, na motere inaungua bila kuzunguka hata mara moja. Anayejua hatumii umeme bado. Anasafisha kwa alkoli safi na mswaki, anatoa ile gundi pole pole, anazungusha magurudumu kwa kidole mpaka yawe mepesi. Kisha mafuta mapya, tone moja dogo kwa ncha ya sindano, fasi ambapo chuma kinazunguka ndani ya chuma. Tone moja. Waliotia mengi wameona yakirukia kwenye motere na kuleta moshi.

Ndani ya motere kuna vipande viwili vidogo vinavyopeleka umeme kwa kile kinachozunguka. Mafundi wanaviita makaa, na kweli kimoja ni makaa. Katika vichwa vingi vya zamani vya Märklin kile kingine kimesukwa kwa fili za shaba. Vikiisha vinabadilishwa, bado vinauzwa. Kile kipande cha kuzunguka kinasafishwa vilevile, na mikato midogo iliyo juu yake inakwanguliwa kwa kipande cha mti cha kuchokolea meno, sababu vumbi la makaa linajaa mle na kuunganisha vitu visivyopashwa kuungana. Magurudumu mawili ao manne yamevaa mpira ili yasiteleze. Ule mpira umekuwa mgumu kama mfupa, unakatwa na kuvalishwa mwengine.

Ugonjwa mmoja hauna dawa. Vichwa vingine, zaidi vya kabla ya vita ya pili ya dunia na vya miaka ile ya shida ya vyuma, vilimiminwa kwa zinki isiyo safi, yenye risasi ndani yake. Unyevu na joto vinaingia katikati ya chembe za chuma, kinavimba, kinapasuka, kinamomonyoka mkononi kama udongo mkavu. Wajerumani wanauita tauni ya zinki. Hakuna rangi wala gundi inayosimamisha. Mwenye kukuta mistari ya kupasuka kwenye chuma cha treni ya babu anaipiga picha, anaiweka fasi kavu, na haifungui tena.

Upande wa reli, kazi ni ya mkono tu. Reli za zamani za Märklin zilikuwa za bati, na mawe yaliyochorwa juu ya bati. Kutu kidogo kinatoka kwa alkoli na kifutio kigumu. Kinachokatazwa ni nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, ijapokuwa zinasafisha vizuri sana: vinywele vyake vinabaki kwenye reli, sumaku ya motere inavivuta ndani, na vinaunganisha umeme fasi mbaya. Reli zilizooza kabisa zinabadilishwa na zile mpya zenye kitako cha plastiki, zilizotoka mwaka 1996, na kuna kipande maalumu cha kuunganisha za zamani na za mpya. Watu wengine wanafanya hivi: kona ya meza inabaki na reli za baba, zingine zote ni mpya.

Namba ya kila treni

Mpaka hapa ni kurudisha. Kuongeza vya kisasa ni mlango mwengine.

Kwa mfumo wa zamani, anayeendesha hatawali treni, anatawala umeme wa reli. Ukiweka vichwa viwili kwenye njia moja, vyote vinaondoka pamoja na kusimama pamoja. Ili kimoja kisimame, inabidi kukata reli vipande vipande, kila kipande na fili yake na kifungo chake. Chini ya meza kubwa za miaka ya 1970 kunaonekana kama ndani ya tumbo la mbuzi aliyechinjwa: fili na fili.

Mwaka 1985 Märklin ilianza kuuza mfumo wa dijitali. Wazo lake linaeleweka kirahisi na mtu yeyote mwenye simu. Antena moja mjini inatuma mawimbi kwa simu zote, lakini inalia ile tu ambayo namba yake imeitwa. Hapa vilevile: reli ina umeme wote kila wakati, na ndani ya umeme ule mashini inatuma ujumbe. "Namba 24, tembea pole pole. Namba 7, washa taa." Kila kichwa kiko na dekoda, kipande kidogo cha elektroniki chenye namba yake. Kinasikia ujumbe wote, kinatii ule wa namba yake. Mfumo wa kwanza ulikuwa na namba 80. Toka mwaka 2004, vichwa vipya vya Märklin vinajiandikisha vyenyewe: unakiweka juu ya reli, kinataja jina lake kwa mashini.

Faida inaonekana mara moja. Treni mbili kwenye njia moja, kila moja na mwendo wake. Taa zinabaki zinawaka hata treni ikisimama. Na zile fili za tumbo la mbuzi zinapunguka, mbili nene zinatosha kwa sehemu kubwa ya kazi.

Je, kichwa cha mwaka 1965 kinaweza kupewa namba? Ndiyo. Kile kachuma kanachoruka kanatolewa, dekoda inakaa fasi yake. Lakini dekoda inatoa umeme wa kwenda njia moja, na motere ya zamani ilizoea ule wa kubadilika. Kwa hiyo bobini iliyosimama ndani ya motere inabadilishwa na sumaku ya kawaida. Ni visi mbili na kusudire fili chache, jioni moja kwa mtu mwenye mkono mzuri. Dekoda moja inauzwa kwa makumi ya euro. Mwenye vichwa 15 anaanza kuhesabu, na wengi wanaishia kuchagua vitatu ao vine vya moyoni.

Ni hapa pia njo ugomvi uko. Kuna wenye kusema treni ya zamani ibaki vile ilivyotoka kiwandani, na karuko kake na harufu yake ya mafuta ya moto. Kuna wenye kusema treni isiyotembea na watoto wa leo itarudi kwenye kartoni. Kusema kweli, wote wana haki, ila upande mmoja unaweza kubadili mawazo baadaye na upande mwengine hauwezi, kulingana na namna kazi ilivyofanywa. Dekoda iliyowekwa kwa visi inaweza kutolewa. Bobini na kale kachuma vikitiwa ndani ya mfuko mdogo, na jina la kichwa juu yake, treni inaweza kurudi kuwa ya mwaka 1965 siku yoyote. Lakini aliyekata chuma cha ndani ili apate fasi ya kuweka spika ya sauti, amekata. Aliyepaka rangi mpya juu ya ile ya kiwanda, hata kama imekwanguka, ameondoa ile alama mkono wake ulioacha akiwa mtoto, na bei vilevile. Wanaokusanya treni za zamani wanalipa zaidi kwa kitu ambacho hakijaguswa. Wanalipa hata kartoni. Kasanduku ka karatasi ka mwaka 1958, kenye jina la duka, kanaongeza bei ya kichwa kilichokuwa ndani. Na kila mwaka watu wanautupa wakisafisha nyumba ya marehemu.

Kuna mfano mmoja ambapo kuongeza vya kisasa hakukuwa mapambo. Neil Young, mwimbaji mkubwa wa Canada, ana mtoto mwanaume, Ben, aliyezaliwa na ulemavu wa ubongo unaomzuia kutumia mikono yake vizuri na kusema. Baba alikuwa anapenda treni za Lionel, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1900. Alitafuta namna mtoto angeweza kuendesha treni bila kuzungusha kifungo kidogo, akatengenezesha kifungo kikubwa cha kusukuma, chenye kutuma amri bila fili. Kazi hiyo ilimpeleka mbali: katika miaka ya 1990 akawa mmoja wa wenye kampuni ya Lionel yenyewe, na mfumo wa kuongoza bila fili ukaingia sokoni kwa watu wote.

Majani yanayosimama wima

Mlima na kijiji havihitaji maneno mengi. Zamani mlima ulikuwa ni gazeti na gundi na plasta, na majani yalikuwa unga wa mbao uliotiwa rangi ya kijani. Baada ya miaka 40 unakuwa wa rangi ya vumbi. Siku hizi kuna kachombo kanachotia umeme mkali lakini dhaifu kwenye vinyuzi vya kijani. Vinaanguka juu ya gundi vikiwa vimesimama wima, sawa nywele za mtu aliyevua fulana ya nailoni. Nyumba za plastiki, nyingi za kampuni ya Faller ya Ujerumani, zinaoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, na ampuli za ndani zinabadilishwa na za LED kwa sababu zile za zamani zilikuwa zinayeyusha dari. Onyo ni moja: gazeti lile la ndani ya mlima lisome kabla ya kulitupa. Mara nyingi liko na tarehe, na linakuambia mwaka gani baba alijenga.

Kiwanda kilichokaribia kufunga

Yote haya yanategemea vipande vya kubadilisha: makaa, mpira, visi, reli ya kuunganisha. Februari 2009, mwaka ule ule kampuni ya Märklin ilipotimiza miaka 150, iliomba ulinzi wa tribinali sababu haikuweza tena kulipa madeni. Watoto walikuwa wamekwenda kwenye michezo ya video, na waliobaki wananunua walikuwa wanazeeka. Kwa watu wenye kartoni, habari hiyo ilikuwa nzito: kiwanda kikifa, kila mpira uliokatika ungekuwa wa mwisho. Mwaka 2013 familia ya Sieber, wenye kampuni ya vitu vya kuchezea ya Simba-Dickie, waliinunua, na kazi inaendelea Göppingen na Győr kule Hungaria.

Hamburg ilionyesha kwamba wapenzi hawajaisha. Mwaka 2000 Frederik Braun, mtu wa mji ule, alikuwa anatembea Zurich, akaingia duka la treni ndogo, utoto wote ukamrudia. Akapigia simu Gerrit, pacha wake, akamwambia wajenge meza kubwa kuliko zote za dunia. Ilifunguliwa mwaka 2001 kwa jina la Miniatur Wunderland. Leo ina zaidi ya kilometre 16 za reli ndogo, na watu wanakuja toka nchi nyingi kuiangalia.

Ikifika huku

Vitu vya okazio toka Ulaya vinafika Bukavu, Goma, Uvira ao Bunia ndani ya makontena, na kati ya jokofu na baiskeli kunaweza kuwa kartoni ya namna hii. Kwa mwenye kuikuta, hatari ya kwanza ni ile ile, ila hapa imeongezeka: umeme wa mtaani unapanda na kushuka, jenereta ndogo inaruka, na vigeuzi vya bei ya chini vinavyotoa umeme wa batri kwenda 220 vinafanya transfo ya zamani ipige kelele na kupata moto. Transfo ya kwenye kartoni isiingizwe kwenye prizi. Kama treni ni ya reli mbili, iko njia rahisi: batri ya volti 9, fili mbili, moja kwa kila reli, inatosha kujua kama motere iko nzima, bila mtu kugusa umeme wa ukuta. Kama ni ya Märklin ya zamani, yenye bobini badala ya sumaku, ile batri bado inaweza kuizungusha kidogo: fili moja kwenye kile chuma kinachoteleza chini ya kichwa, ingine kwenye gurudumu.

Jaribio la kwanza linafanywa na kichwa peke yake, bila wagoni, kimesafishwa na kutiwa mafuta. Kinatembea dakika moja, kinazimwa, mkono unawekwa juu yake. Kikiwa vuguvugu, ni sawa. Kinatembea tena dakika mbili upande mwengine. Cheche ndogo za bluu kwenye makaa ni za kawaida mwanzoni, zinapunguka makaa yakikaa vizuri. Harufu ya kuungua si ya kawaida. Hapo fili inatolewa palepale na motere inafunguliwa tena. Baada ya hapo inaungwa wagoni moja, kisha ya pili.